Mwili Umefika, Usingizi Uko Njiani

Mama alikuwa ameshaamua kabla ndege haijaruka huko Kanada: Tumsifu akifika Songea, harudi tena.

Uamuzi huo haukuwa wa ubaya. Nyumbani kwetu Mshangano, mjukuu wa kwanza hulelewa na bibi yake. Mama yangu, Kunegunda, alilelewa na bibi yake. Kaka yangu Romanus alilelewa hivyohivyo. Na ipo namna ya kujua kama mtoto ameikubali nyumba. Analazwa kitandani kwa bibi, na kabla ya Jumapili ya kwanza kufika lazima upatikane usiku mmoja ambao amelala mpaka jogoo, hakulia, hakuamka, hakumuulizia mama yake. Akilala hivyo, ni wa bibi. Asipolala, anarudishwa kwa mama yake na hakuna wa kulaumiwa. Bibi yetu alipotaka kuniongeza na mimi, nililia mpaka majirani wakaja na taa kuuliza nani amefariki. Mama akinikasirikia husema kiburi changu kilianza usiku ule.

Romanus alikuwa Vancouver, pwani ya mbali kabisa ya Kanada, akisomea mambo ya misitu. Alikuwa amebakiza miaka miwili. Hakupata nafasi ya kuja, akamtanguliza mkewe Devota na watoto likizo ya Julai: Tumsifu wa miaka minne, aliyeondoka hapa akiwa wa kubebwa, na Evaline, mdogo wake, aliyezaliwa hukohuko na aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Mama alimwandikia Romanus kwamba mtoto wa kwanza abaki. Romanus akajibu kwamba Mama na Devota watakubaliana. Ndivyo alivyo kaka yangu. Anajua kila mti kwa jina lake la Kilatini, lakini penye ugomvi hujificha nyuma ya mti wowote ulio karibu.

Mimi ndiye niliyetumwa Dar es Salaam kuwapokea. Nilikuwa na kibanda cha mitumba sokoni Bombambili, hapahapa Songea, maana miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa na kila kijana mwenye akili alikuwa anauza kitu. Nilifunga kibanda, nikavaa koti bora kuliko yote niliyokuwa nimeyapanga kwa wateja, nikaenda kusimama uwanja wa ndege kama balozi.

Devota alitoka wa mwisho. Evaline alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kitenge. Tumsifu alikuwa amefungwa mkono wake kwenye mkono wa mama yake kwa pindo la khanga, kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Shemeji yangu huyu ni mwanamke wa kuimba kwaya, mrefu, wa kucheka kwa sauti. Siku hiyo alinitazama kana kwamba anajaribu kukumbuka mimi ni nani. Tumsifu akanitazama pia, kwa hasira, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu.

Uso wake ukafunguka. Akamgeukia mama yake, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba huyu anajua.

Baadaye Devota alinieleza. Wiki nzima kabla ya safari alikuwa akimfundisha mtoto kuwaamkia wakubwa, asije akamtia aibu mbele ya bibi yake. Mtoto akaelewa vizuri kupita kiasi. Ndani ya ndege ya kwanza alishuka kitini, akapita kwenye ule ujia katikati ya viti, akawapa shikamoo Wazungu wote kuanzia mbele mpaka vyooni. Hakuitikiwa hata mara moja. Akarudi akilia kwamba watu wa ndege hii hawana adabu. Ndege ya pili akajaribu tena. Ya tatu, iliyotoka Ulaya kuja kwetu, alimkuta mzee mmoja wa Kihindi wa Morogoro aliyemwitikia marahaba, na tangu hapo hakukubali kukaa mahali pengine ila mapajani kwa mzee yule.

Hayo ndiyo yaliyokuwa ya kucheka. Mengine aliyasimulia huku amefumba macho. Evaline alilia masikio kila ndege iliposhuka, mpaka Devota akagundua kwamba akimnyonyesha wakati huohuo maumivu yanapungua. Mhudumu alimkataza kumbeba mtoto mgongoni wakati wa kuruka. Devota akabishana naye kwa Kiingereza, akashindwa, akamhamishia kifuani. Tumsifu alitaka dirisha lifunguliwe aone mawingu kwa mkono. Vitu vya kuchezea Devota alikuwa amevifunga kimojakimoja kwenye vitambaa, akawa anatoa kimoja kila mtoto alipochoka, na vikaisha kabla bahari haijaisha. Uwanja wa Ulaya walikosubiri ndege ya tatu, alijilaza sakafuni na watoto wake, wote watatu wamefungana kwa khanga, ili mmoja akiondoka wote waamke.

"Sijalala, shemeji," aliniambia. "Nimefumba macho tu."

Kesho yake tukapanda basi la Songea. Watoto walilala njia nzima. Abiria wakamsifu Devota kwa malezi, na mama mmoja akasema watoto wa Ulaya wametulia hivi, si kama wa kwetu. Tulipofika Mshangano, giza limeshaingia na baridi ya Julai inauma masikio, watoto wakafumbua macho pamoja kama watu wanaoingia kazini.

Usiku ule hakuna aliyelala nyumbani kwetu. Tumsifu alitaka kuona mbuzi. Akaonyeshwa mbuzi. Akataka kuona kama kuku wanalala wamesimama. Akaonyeshwa. Evaline alipiga sufuria na mwiko mpaka alfajiri, na jua lilipotoka wakaanguka wote wawili kwenye mkeka, midomo wazi.

Hiyo ndiyo siku ndugu walioalikwa walipokuja kuwaona. Mimi nilikuwa nimetunga shairi la kuwakaribisha. Sikufundishwa ushairi na mtu. Nilijifunza mwenyewe kwa redio na magazeti, nikihesabu mizani kwa vidole, na sioni haya kusema kwamba lilikuwa shairi zuri. Nilisimama katikati ya uwanja, nikalisoma lote. Wageni waliokaribishwa walikuwa wanakoroma. Shangazi mmoja akanong'ona kwamba ningesubiri waamke. Shairi halikatishwi kwa sababu ya mtoto kulala.

Devota akamweleza Mama. Alichukua chungwa, akalizungusha mbele ya kibatari, akaonyesha kwamba sisi tukiwa upande wa mwanga, kule Vancouver ndiyo kwanza wanazima taa. Miili ya watoto bado inafuata saa za kule. Itachukua kama wiki kuzoea.

Mama alilitazama chungwa, kisha akamtazama Tumsifu aliyelala. "Mwili si huu hapa naushika?" akasema. "Kilichobaki kule ni nini?"

"Usingizi wake, mama."

Mama akafikiri sana. Mwisho akasema basi anaelewa: ndege imemleta mtoto haraka mno, usingizi wake haukupata nafasi, sasa unakuja kwa miguu. Hakuna njia ila kuusubiri.

Akausubiri kwa nguvu zake zote. Kila jioni alimchukua Tumsifu kitandani kwake, akazima taa, akamfunika blanketi. Kila usiku tulisikia sauti ya mtoto ikiuliza maswali gizani na sauti ya Mama ikijibu. Kwa nini giza ni jeusi. Kwa nini bibi hana meno ya huku. Baba anakula nini sasa hivi. Mama alimpa uji wa ulezi, akamchomea mahindi, akamsimulia hadithi kwa Kingoni ambazo mtoto hakuzielewa na ambazo alizicheka zote. Halafu mchana mtoto analala, na Mama hawezi kulala kwa sababu kuna maharage ya kupura na wageni wa kusalimia. Siku ya tatu alisinzia katika sala ya jumuiya, akaitikia "Amina" mahali ambapo hapakuwa na mwisho wa kitu chochote.

Nikamwonea huruma. Isitoshe, nilikuwa upande wake. Niliona ni jambo la fahari mtoto wa kaka yangu akue hapa, aijue lugha yake, achunge mbuzi, ajue kwamba mtu akimpa mkubwa shikamoo anaitikiwa. Nikamwambia Mama aniachie mimi. Usingizi wa mtoto mdogo hauwezi kunishinda. Nitamnyima mchana, na usiku utakuja wenyewe.

Mama akaniuliza kama nina hakika. Nikaapa.

Asubuhi iliyofuata nilimpandisha Tumsifu kwenye fremu ya baiskeli yangu, nikaenda naye Bombambili. Njia nzima nilimwimbia, maana kichwa kilikuwa kinaanguka kwenye usukani:

*Tumsifu we, amka,*
*jua kwetu limewaka,*
*mchana ukianguka*
*usiku utateseka.*

Akalipenda. Akalidai mara nyingi mpaka nikalichoka mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kunitokea kwa shairi langu lolote. Kibandani nilimpa kazi ya kupanga soksi. Akipepesa macho namnyunyizia maji usoni. Akikaa namsimamisha. Jirani yangu Bashiru, aliyekuwa akiuza viatu, aliacha wateja wake akaja kutazama.

"Makarius, wallahi wewe askari jela," akasema. "Mtoto kakukosea nini?"

"Namrudishia usingizi wake."

"Kwa kumkatalia kulala. Haya, na mwenye njaa utamfunga mdomo."

Nilimwambia auze viatu. Lakini njia yangu ilifanya kazi. Usiku ule Tumsifu alilala mapema, akaamka katikati, akauliza maswali machache tu. Uliofuata aliamka mara moja, akamuulizia mama yake, akalala tena. Mama akasema usingizi umeshafika Njombe. Alikuwa amefurahi sana, na mimi nilitembea kifua mbele kama daktari.

Ijumaa jioni nilimkuta Devota nyuma ya nyumba akifua nguo za Evaline. Hakuwa anaimba. Nikamweleza kwa majigambo kwamba kesho, Jumamosi, ndiyo usiku wenyewe: mwanawe atalala mpaka jogoo. Aliendelea kukamua nguo ileile, ambayo ilikuwa imeshakauka.

"Shemeji," akasema, "nimevuka bahari mbili na watoto hawa. Katika ndege zote tatu nilikuwa naomba kitu kimoja tu, walale. Sasa kila usiku nasimama dirishani kwangu naomba huyu mmoja asilale."

Nikamuuliza kwa nini hamwambii Mama. Akanitazama kana kwamba ni mimi niliyetoka Kanada. Mkwe gani kwetu hapa anasimama mbele ya mama mkwe, mwanamke aliyemzaa mumewe na kumlipia ada kwa kuuza mahindi, akamwambia hapana? Alikuwa amenyamaza tangu afike, na alikuwa tayari kunyamaza mpaka aondoke.

"Nikirudi bila yeye," akasema, "nitafungua mlango kule, nitavua viatu, halafu sijui nitafanya nini." Akaanika nguo, akaingia ndani.

Nilikuwa nimeapa. Mtu kama mimi hurudi nyuma kwa shida. Usiku ule nilijaribu kutunga kitu juu ya jambo hilo, nisipate hata mstari. Ukiona hivyo, ujue ukweli uko upande mwingine.

Jumamosi nikaenda tena na Tumsifu kibandani. Saa nane mchana, jua likiwa kali na soko limepoa, alikuja akaniegemea gotini. Macho yalikuwa mekundu. Hakuniomba shairi. Nilikuwa na kopo la maji mkononi, na sikumnyunyizia. Nilitandika makoti ya baridi chini ya meza, yale mazito yenye bitana, nikamlaza, nikamfunika moja. Nikajiambia kwamba akilala hapa mpaka jioni, usiku atakesha, Jumapili itafika, na hakuna wa kulaumiwa. Bashiru aliniona. Akapunguza sauti ya redio yake.

Devota alifika muda mfupi baadaye, Evaline mgongoni, amekuja kununua sabuni. Aliinama, akaona makoti, akaona miguu ya mwanawe. Alinitazama, akaelewa mara moja nilichokuwa nakifanya, na kwa ajili ya nani. Alikaa kwenye gunia la mitumba. Nilidhani atanishukuru.

Badala yake aliingiza mkono chini ya meza, akamtikisa mtoto taratibu. "Tumsifu. Baba, amka. Amka twende."

"Mwache, shemeji," nikasema. "Mwache alale, mambo yataisha."

"Yataisha kwangu. Kwake yanaanza upya." Alikuwa ameshamvuta nje, amemkalisha magotini, anampangusa macho kwa khanga. "Mtoto amehangaika wiki nzima. Mtazame. Siwezi kumnyima usiku ili nipate mimi."

Akamsimamisha. Akamshika mkono wakaondoka kwa miguu kurudi Mshangano, mwendo mrefu, huku akimwimbia shairi langu kwa sauti ya kwaya, na nakiri lilikuwa zuri zaidi kwake.

Usiku ule nyumba ilinyamaza. Nilisikia jogoo wa kwanza, kisha wa pili, na sikuwa nimesikia swali hata moja kutoka chumbani kwa Mama. Kulipopambazuka nikatoka kwenda kukoka moto. Sebuleni nilimkuta Devota ameketi kwenye kiti cha mbao, kimesogezwa mpaka mlangoni kwa Mama, kichwa kimeegemea fremu ya mlango. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa amekaa hapo akisikiliza mwanawe anavyopumua.

Mlango ukafunguka. Mama alisimama, amejifunga kitenge, nywele hazijafungwa. Nyuma yake nilimwona Tumsifu amelala chali, mikono huku na huku, amemaliza kitanda chote. Mama alimtazama Devota kwa muda. Devota akainuka haraka, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

Devota akasema hakukaa sana. Lakini khanga yake ilikuwa na alama za kiti, na miguu ilikuwa imevimba kama siku ile aliposhuka kwenye ndege.

Mama akanigeukia mimi, maana alijua Devota hatasema. Aliniuliza mtoto alishindaje jana. Nilimweleza yote, makoti na kila kitu, kwamba mimi mwenyewe niliyeapa ndiye niliyemlaza mchana, na kwamba aliyemwamsha ni mama yake. Nilisema wazi sababu ya kumwamsha. Nilisema kwa ukali kidogo, kama ninavyosema mambo nikiyaamini, na nikamaliza kwa kumwambia Mama kwamba mimi nimetoka upande wake.

"Sikuomba upande," Mama akasema. "Koka moto."

Nikakoka moto, lakini mlango niliuacha wazi. Mama alikaa kwenye kile kiti cha mlangoni, akamwacha Devota amesimama. Kisha akasema kwamba yeye alipolazwa kwa bibi yake, mama yake alilala usiku uleule, tena alilala vizuri, alikuwa na watoto wengine sita na mahindi ya kuvuna. Romanus naye alipolazwa, yeye Kunegunda alilala. Hakufurahi, ila alilala. Ndivyo walivyojua kwamba nyumba imekubali, pande zote mbili.

"Huyu amelala," akasema. "Wewe hujalala. Nusu haihesabiwi."

Devota akapiga goti tena.

"Mtarudi naye. Masomo yakiisha, mje wote, na Romanus, nimwambie mambo yake uso kwa uso. Na sasa kalale."

"Mama, kuna uji wa..."

"Nimesema kalale."

Devota alicheka, kile kicheko chake cha kwaya ambacho sikuwa nimekisikia tangu afike, halafu akalia, halafu akaingia chumbani kwa Mama na kujitupa kando ya mwanawe. Kabla uji haujachemka alikuwa anakoroma. Tulikwenda misani na Evaline, yeye na bibi yake mbele, mimi nyuma nikibeba viatu alivyokataa kuvaa.

Njiani Mama alitembea polepole. Alikuwa amechoka, na sikutaka kumuuliza kama ameumia, kwa sababu nilijua ameumia kidogo na hapendi kuulizwa. Baada ya muda akaniuliza jambo lingine. Alitaka kujua: hawa wakirudi kule, lile chungwa si litakuwa limegeuka tena? Usingizi wao si utabaki huku Songea?

Nikamwambia ndivyo Devota alivyosema. Wiki nzima tena, watakesha usiku kucha wakitaka kucheza, na mchana watalala.

"Na nani atakaa nao huo usiku?"

"Devota atakuwa amechoka na safari," nikasema. "Nadhani ni Romanus."

Mama alisimama katikati ya njia. Evaline akamvuta mkono, hakusogea. Uso wake wote ulikuwa umeanza kung'aa.

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana. Mwambie Devota vile vitu vya kuchezea asimfikishie Romanus. Avisahau ndegeni."